Kikokotoo kilisema dola 4,000, barua ikasema zaidi ya 15,000: mwongozo wa kusoma ofa ya chuo cha Marekani ukiwa Lubumbashi

Ilikuwa mwezi wa tatu, saa nne usiku, umeme umekatika Katuba yote. Mpwa wangu alifungua barua ya chuo kwenye simu iliyobakiwa na betri asilimia tisa. Mstari wa kwanza ulimpongeza kwa kukubaliwa, akapiga vigelegele, na yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, mama yake, akauacha mwiko ndani ya bukari (ugali) akaja mbio. Kisha tukateremka polepole kwenye tarakimu, na nyumba ikanyamaza.

Miezi mitano kabla, kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo hichohicho kilituambia familia italipa kama dola 4,000 kwa mwaka. Kwa sababu ya tarakimu hiyo kikao cha familia kilikaa, wajomba wakaahidi, shemeji yangu anayeendesha lori la Kasumbalesa akakubali kuongeza safari. Nilipoipigia barua hesabu kamili, pengo la mwaka mmoja lilizidi dola 15,000.

Tangu hapo nimekaa na vijana wengi wenye barua kama hiyo, na karibu kila mara tofauti inatokana na mambo yaleyale. Mengine hayabadiliki, mengine unaweza kuyarekebisha kwa karatasi. Naandika hapa hatua kwa hatua, na tarakimu za mpwa wangu nimezizungusha kidogo tu ili hesabu iwe nyepesi.

Hatua ya 1: Jua kikokotoo kilikuwa kinamjibu nani

Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 iliagiza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viweke kikokotoo cha bei kwenye tovuti zao, na kuanzia mwezi wa kumi 2011 vikawa navyo. Kusudi lilikuwa jema: mzazi asitishwe na bei ya kwenye bango, aone makadirio ya atakacholipa yeye. Lakini mzazi aliyefikiriwa ni wa Ohio au Texas. Vikokotoo vingi huangalia familia za Kimarekani za mapato fulani zilipewa nini miaka ya karibuni, kisha vinakuonyesha wastani.

Ndani ya wastani huo mna vitu ambavyo mwanafunzi wa viza ya F-1, yaani viza ya masomo, hapati kamwe. Kuna Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa familia zenye kipato kidogo, ambayo mwaka wa masomo 2024–25 ilifika hadi dola 7,395. Kuna ruzuku za majimbo. Vikokotoo vingine huonyesha pia mikopo ya serikali. Kwa kawaida hivi hupitia FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, na FAFSA ni ya raia wa Marekani na makundi machache ya wageni wenye hadhi maalumu. Sisi tuliandika mapato yetu madogo kwa uaminifu, kikokotoo kikatuhesabia Pell Grant nzima kama vile mtoto amezaliwa Chicago.

Kwa hiyo kabla ya kujaza chochote, soma maandishi madogo chini ya ukurasa. Vipo vyuo vichache vinavyosema wazi kwamba kikokotoo chao kinawafaa wanafunzi wa kigeni. Kama hakisemi, chukulia hakikufai, na uandikie ofisi ya msaada wa fedha swali moja tu: mwanafunzi wa kigeni mwenye familia ya mapato kama yetu, kwa kawaida anapewa kiasi gani? Wengi hujibu kwa kirefu kuliko unavyotarajia.

Hatua ya 2: Tafuta mahali ambapo karatasi zako zilisema mambo mawili tofauti

Hapa ndipo tulipoanguka sisi wenyewe, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi.

Vyuo vingi vinavyotoa msaada kwa wageni huomba fomu ya CSS Profile, inayosimamiwa na College Board. Fomu hii inauliza mengi kuliko kikokotoo: nyumba, shamba, gari, biashara, madeni, watu mnaowalisha. Sasa yaya wangu anauza vitenge soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Kwenye kikokotoo tuliandika faida yake. Kwenye CSS Profile, iliyojazwa kwa haraka kwenye siberi (duka la intaneti) moja mjini huku dakika za kulipia zikienda, binamu aliyekuwa anatusaidia aliandika mauzo. Mauzo! Mama anayeuza vitenge vya dola 1,500 kwa mwezi na kubaki na 220 mkononi akaonekana mbele ya chuo kama mama wa mapato ya dola 18,000 kwa mwaka, achilia mbali mshahara wa mume wake.

Hakuna aliyedanganya, ila hakuna aliyekagua. Kagueni pamoja mambo haya:

Mauzo na faida. Fomu ina sehemu ya mapato ghafi ya biashara na sehemu ya gharama zake. Ukijaza ya kwanza ukaacha ya pili, umejitajirisha kwenye karatasi.

Faranga na dola. Kama mshahara ni wa faranga, andika tarehe na kiwango ulichotumia kubadilisha. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilibadilishwa kwa zaidi ya faranga 2,800. Ilipofika mwezi wa kumi ilikuwa chini ya 2,500. Mshahara uleule wa faranga ukaonekana umekua kwa dola, na nyumbani mfuko wa unga haukushuka bei kwa kiasi hicho.

Idadi ya watu. Kwetu nyumba ina watu tisa: watoto watano wa yaya, bibi, na mtoto wa marehemu kaka yetu, juu ya wazazi wawili. Kikokotoo kiliuliza tu idadi ya watu na ya wanafunzi wa chuo. CSS Profile inataka majina na uhusiano, na mtoto wa kaka akaachwa kwa kuwa binamu hakujua amweke wapi. Yeyote ambaye wazazi wanamlisha na kumsomesha, mtaje na uyaeleze maisha yake kwenye nafasi ya maelezo maalumu.

Minervali, yaani ada za shule, za wadogo. Mmarekani anasomesha watoto shule ya umma bila kulipa ada. Afisa anayesoma faili lako hajui kwamba hapa wadogo watatu wa sekondari wanalipiwa. Usipomwandikia, hatabahatisha.

Alama. Kikokotoo kikiahidi burse (ufadhili wa masomo) ya ufaulu, kimeuliza wastani wa alama kwa kipimo cha pointi nne. Vijana wengi huchukua asilimia 68 ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wanagawa kwa 100, wanazidisha kwa 4, wanapata 2.72, na wanajiona wameanguka. Asilimia 68 kwetu inafanyiwa sherehe na kumwagiwa unga kichwani. Mmarekani asiyejua mfumo wetu anaiona alama ya chini. Usibadilishe mwenyewe. Chuo kina wataalamu wa kutafsiri vyeti vya nje, na tarakimu yao ndiyo itakayoamua burse, iwe juu au chini ya uliyoikisia.

Hatua ya 3: Pasua barua vipande vinne

Barua za ofa hazifanani. Moja inatenga burse na mikopo kwa uwazi, nyingine inavijumlisha vyote chini ya kichwa kimoja kizuri. Chukua karatasi, chora safu nne, na kila dola uipeleke mahali pake.

Safu ya kwanza ni fedha isiyorudishwa: burse na ruzuku za chuo. Hii peke yake ndiyo msaada.

Ya pili ni mkopo. Mikopo ya serikali kuu ya Marekani si yako. Mkopo wa binafsi mara nyingi unadai mdhamini raia au mkazi wa kudumu wa kule. Kama huna mtu wa namna hiyo, futa mstari huo.

Ya tatu ni kazi ya chuoni. Mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Lakini ile dola 2,500 iliyoandikwa haipunguzi ankara ya mwezi wa nane. Inakuja kidogo kidogo kama mshahara, baada ya kufanya kazi, na kama kazi umeipata.

Ya nne ni gharama ambazo barua haikuzitaja kabisa. Barua ya mpwa wangu ilionyesha ada dola 41,000 na bweni pamoja na chakula dola 15,000, jumla 56,000. Ikatoa ruzuku 50,000 na kazi 2,500. Chini ikaandika: kinachobaki, 3,500. Ukiisoma usiku kwenye skrini ndogo, unaamini kikokotoo kilisema kweli.

Twende sasa kwenye vilivyokosekana. Bima ya afya ya lazima: 3,000. Vitabu na matumizi binafsi, pamoja na koti na viatu vya baridi kwa mtoto asiyewahi kuona theluji: 2,500. Safari: 2,500. Jumla halisi ni 64,000. Toa ruzuku 50,000, inabaki 14,000.

Na bado kuna kodi, ambayo nimeikuta ikiwashangaza hata wenye burse kamili. Marekani haitozi kodi sehemu ya burse inayolipa ada na vitabu vya lazima. Sehemu inayolipa bweni na chakula inahesabiwa kama mapato, na kwa mwanafunzi wa F-1 kawaida inakatwa asilimia 14. Nchi nyingine zina mkataba wa kodi na Marekani unaopunguza makato hayo, Kongo haina. Ruzuku ya 50,000 ikishalipa ada ya 41,000, inabaki 9,000 kwa ajili ya bweni. Asilimia 14 yake ni dola 1,260, na chuo kinaweza kuziweka kwenye ankara ya muhula. Pengo likawa 15,260.

Nje ya hapo kuna malipo ya mara moja kabla ya kuondoka: dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza, pamoja na tiketi ya ndege kutoka uwanja wetu wa Luano hadi Kinshasa, maana mahojiano hufanyika kwenye ubalozi huko. Kabla ya kulipa, tazama kiwango cha siku hiyo kwenye tovuti ya ubalozi, kwa kuwa ada hizi hubadilishwa.

Hatua ya 4: Zidisha kwa nne, kisha uliza maswali matatu

Pengo la mwaka mmoja linaweza kuchangwa. Niliona familia zikichanga kwa mwaka wa kwanza kwa furaha, na mwaka wa pili simu za wajomba hazipatikani. Siwalaumu, nao wana watoto. Ndiyo maana nazidisha kwa nne mbele ya kikao chote: 15,260 mara nne ni dola 61,040, kabla ada haijapanda, na ada kwa kawaida hupanda kila mwaka.

Kisha andikia chuo:

Je, ruzuku hii inaendelea miaka minne, na kwa sharti gani la alama? Je, ada ikipanda, ruzuku inapanda nayo? Je, likizo ndefu mabweni yanafungwa, na mwanafunzi wa mbali anakaa wapi na kula nini?

Uliza pia kama msaada unaweza kuombwa baadaye. Vyuo vingi vinasema wazi kwamba mgeni ambaye hakuomba msaada alipokuwa anaomba nafasi hataruhusiwa kuuomba tena hadi amalize. Nimemwona kijana wa Kampemba aliyeacha kuomba akidhani itamsaidia kukubaliwa. Alikubaliwa, na hapohapo mlango wa msaada ukawa umeshafungwa.

Hatua ya 5: Kata rufaa kwa karatasi

Barua nyingi zinafika kati ya katikati ya mwezi wa tatu na mwanzo wa mwezi wa nne, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ya jadi ya kujibu. Una kama mwezi mmoja. Usiulalie.

Chuo hakipatani bei kama kwenye soko la Kenya. Kinachosikilizwa ni vitu viwili: kosa katika taarifa, au hali ya familia iliyobadilika, kama kazi iliyopotea, ugonjwa, msiba, biashara iliyoungua. Kwa hiyo fungua kila karatasi ya nyumbani. Shemeji yangu alimwaga mezani mfuko wa sasheti wenye kila kitu: karatasi za mshahara, risiti za shule za watoto, risiti za hospitali za bibi. Lakini kilichotuokoa kilikuwa kaye, yaani daftari, ya yaya ya vitenge.

Ni kaye ya kurasa 96, jalada limeng'oka, inanuka mafuta ya taa. Kila ukurasa una tarehe, kitenge, bei aliyonunulia, bei aliyouzia, na majina ya wenye deni. Aliyelipa amekatwa mstari kwa bic ya bluu. Tulikaa jioni tatu tukijumlisha miezi sita: mauzo, bei ya kununulia, kodi ya meza ya soko, usafiri, madeni ambayo hayatalipwa tena. Faida ikatoka 220 kwa mwezi kwa wastani. Tukapiga picha za kurasa 20, tukaandika ukurasa mmoja wa kuzieleza, na karatasi muhimu tukazipeleka kwa mtafsiri aliyeapishwa azitie Kiingereza.

Ongeza karatasi ya komine (manispaa) inayoonyesha walio nyumbani, barua ya mwajiri, na taarifa ya benki kama mnayo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu walikuta benki zimefungwa mwanzoni mwa 2025. Aliye katika hali hiyo asiache nafasi tupu. Aandike sentensi mbili kueleza kilichotokea na aambatishe taarifa za pesa ya simu.

Barua yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja, na mwanafunzi ndiye aiandike. Ya kwetu, kabla ya kutafsiriwa, ilikuwa hivi:

«Nashukuru kwa nafasi na kwa ruzuku mliyonipa. Tulipokagua fomu yetu ya CSS Profile tuligundua kosa letu: kwenye biashara ya mama tuliandika mauzo ya mwaka, dola 18,000, bila kutoa gharama. Faida yake ni kama dola 2,640. Pia tulisahau mtoto wa marehemu mjomba wangu ambaye wazazi wanamlea. Naambatisha kumbukumbu za biashara za miezi sita na karatasi ya komine. Familia yangu inaweza kulipa dola 4,000 kwa mwaka, kila mwaka. Naomba mpitie upya ombi langu.»

Angalia ile sentensi ya kiasi. Wengi wanaona aibu kutaja, wanaandika «lolote mtakaloweza». Afisa anahitaji tarakimu ya kufanyia kazi. Na tarakimu hiyo iwe ya kweli: baadaye utaulizwa uithibitishe.

Kama kuna chuo kingine kimetoa zaidi, unaweza kuitaja barua yake kwa heshima na kuiambatisha. Vingine vinaangalia, vingine vinasema havilinganishi. Hakuna hasara kuuliza.

Hatua ya 6: Linganisha mapengo, usilinganishe burse

Baada ya siku kumi chuo kiliongeza dola 6,500. Nyumbani wakaimba. Nikarudi kwenye safu zangu: ruzuku 56,500, pengo 7,500. Lakini sasa 15,500 zilikuwa zinalipa vitu vya nje ya ada, kodi yake 2,170. Jumla 9,670. Hata mtoto angepata kazi na kuzikusanya zote 2,500, bado 7,170 kila mwaka.

Barua ya pili ilikuwa imelala kwenye barua pepe tangu mwezi wa pili, ya chuo kidogo ambacho hakuna jirani aliyewahi kukisikia. Burse yake ilikuwa 34,500, ndiyo maana hatukuitazama. Ila gharama zote kule zilikuwa 39,000, ada ikiwa 20,000. Pengo 4,500, kodi ya zile 14,500 zinazobaki ni 2,030, jumla 6,530. Toa kazi ya chuoni 2,500, inabaki 4,030. Burse iliyopungua kwa 22,000 ndiyo iliyokuwa nafuu kwetu.

Kama mapengo yote ni makubwa, usilipe arubuni kwa matumaini. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo ndiyo unayoendea viza, mpaka kione fedha ya mwaka wa kwanza, na mshahara wa kazi ya chuoni ambayo bado hujaipata kwa kawaida hauhesabiwi. Hapo ndipo watu hukopa pesa ya siku tatu ili benki itoe hati nzuri. Nakusihi usifanye hivyo. Afisa wa viza anaweza kuuliza pesa ilitoka wapi, na uongo ukigundulika unaweza kukufungia mlango wa nchi ile maisha yote.

Ni afadhali uombe chuo kikuahirishie nafasi mwaka mmoja, ukiuliza kwanza kama ruzuku nayo itaahirishwa, au uombe upya ukichagua kwa akili. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haziangalii uwezo wa mgeni wakati wa kuamua nafasi, na zinaahidi kuziba hitaji lote kama chuo kinavyolikadiria; kuingia humo ni kugumu sana. Berea College, huko Kentucky, haitozi ada kwa mwanafunzi yeyote, na kila mmoja anafanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki. Washauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani, kwa kawaida hawatozi pesa. Anayekuomba dola 300 kwa ushauri uleule, mwache.

Hatua ya 7: Tunza faili, maana mwaka ujao unaombwa tena

Vyuo vingi hupitia upya hali ya familia kila mwaka, na tofauti isiyoelezwa inaweza kupunguza ruzuku. Hifadhi nakala ya kila ulichojaza, kiwango cha kubadilishia faranga, na tarehe. Mpwa wangu yuko mwaka wa pili sasa. Fomu inafunguka kila mwezi wa kumi, na yaya anaanza kuniulizia tangu mwezi wa nane. Kaye yake mpya ina safu mbili alizozichora mwenyewe kwa rula ya mtoto wa shule: moja ya mauzo, moja ya faida.